Kabureta Ipimwe Kabla ya Kuisukumia Hewa Injini ya Boti

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji, na watu wakaao upande wa bara, yaani Likoni kwa kusini, Kisauni kwa kaskazini na Changamwe kwa magharibi, ni wazoefu wa vyombo tangu enzi za wazee wao. Ngalawa na mashua za tanga zingalipo, lakini boti za injini zimezidi kuwa nyingi: boti za wavuvi, boti za kutembeza wageni penye miamba ya matumbawe, na boti za kwenda mbali kuvua samaki wakubwa. Na palipo na injini hapakosi mtu anayetaka nguvu zaidi ya zile zilizotoka kiwandani.

Njia mojawapo ya kuongeza nguvu ni kufunga mashine iitwayo supachaja, yaani pampu inayoisukumia injini hewa badala ya kuiacha ivute hewa yenyewe. Injini za namna hii hazionekani kila siku, lakini jambo linaloziharibu ndilo liharibulo hata injini ndogo ya kupachika ya mvuvi: hewa iingiayo na petroli iingiayo hazikulinganishwa. Mwenye boti hununua supachaja kwa fedha nyingi, akaifunga, akaiacha kabureta ile ile ya zamani. Mwingine hununua kabureta kubwa kuliko zote dukani, akidhani ya kuwa ukubwa ndio nguvu. Wote wawili wamekosea, na kosa lao halionekani gatini bali huonekana mbali na pwani.

Gari likizimika njiani, dereva hushuka akaenda kwa miguu kumtafuta fundi. Boti ikizimika katika mlango wa Kilindini, maji yanatoka na kusi inavuma, hakuna pa kushukia. Mkondo huichukua, mawimbi huisukuma kuelekea miambani, na meli kubwa zipitazo haziwezi kusimama upesi. Kwa hiyo kulinganisha kabureta na injini si shauri la mafundi peke yao. Ni shauri la usalama wa kila mtu aliyemo chomboni.

KAZI YA KABURETA

Petroli haiwaki vema ndani ya injini ila ikichanganywa na hewa kwa kiasi maalum. Kiasi kilicho sawa ni yapata kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi sana, lita 1 tu ya petroli yahitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa ili iwake yote. Kwa injini, basi, hewa ndiyo wali, na petroli ni kitoweo tu.

Kabureta ndiyo ipimayo kitoweo hicho. Ni bomba lenye koo jembamba katikati. Hewa ipitapo kooni huenda mbio zaidi, na mkandamizo wake hupungua. Hapo petroli iliyomo katika bakuli ya kabureta huvutwa kwa kupitia tundu dogo liitwalo jeti, ikatawanyika kama manyunyu, ikaingia injinini pamoja na hewa. Hewa ikipita kidogo, petroli hutoka kidogo. Ikipita nyingi, petroli hutoka nyingi. Kabureta haijui ukubwa wa injini, wala haijui nahodha anataka nini. Inajua tu hewa ipitayo kooni mwake.

KAZI YA SUPACHAJA

Hewa ya usawa wa bahari hukandamiza kila kitu kwa nguvu ya pauni 14.7 juu ya kila inchi ya mraba. (Tarakimu hizi kufanana na zile za hewa na petroli ni kwa nasibu tu.) Injini ya kawaida huvuta hewa pistoni ishukapo, wala haiwezi kupata zaidi ya ile ambayo mkandamizo huo unaipa. Supachaja, ikizungushwa kwa mkanda au kwa gia za injini yenyewe, huishindilia hewa ndani ya silinda. Ikiongeza pauni 7 juu ya zile 14.7, mkandamizo huwa 21.7, yaani karibu mara moja na nusu ya ule wa kwanza. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi yaweza kuwaka, na nguvu huzidi pia.

Maarifa haya si mapya. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, wa mji wa Connersville katika jimbo la Indiana, walipata hati ya uvumbuzi mwaka 1860 kwa pampu yao ya hewa, ambayo ilitumika kupulizia tanuri za kuyeyushia chuma. Pampu ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyofungwa baadaye juu ya injini nyingi, na hata leo huitwa kwa jina lao. Mwaka 1921 motokaa za Mercedes zenye supachaja zilionyeshwa Berlin. Baharini nako, katika Vita Kuu ya Pili, boti za Marekani za kutupa topido zilichukua kila moja injini 3 za Packard zenye supachaja na kutumia petroli. Kila injini ilikuwa na silinda 12 na ukubwa wa yapata lita 41; mwanzoni ilitoa nguvu za farasi 1,200, na kabla ya vita kwisha ilifikia 1,500. Nguvu hizo hazikupatikana kwa kubahatisha, bali kwa kupima hewa na petroli hatua kwa hatua.

HESABU YA HEWA

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila fundi ajuaye kuzidisha na kugawanya aweza kuifanya. Mathalan, ichukuliwe injini ya boti yenye silinda 8 na ukubwa wa lita 5.7, ambayo mwendo wake wa juu ni mizunguko 4,800 kwa dakika. Injini ya mapigo manne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo 4,800 hugawanywa kwa 2, ikawa 2,400. Na 2,400 ikizidishwa kwa 5.7 hupatikana lita 13,680 za hewa kwa dakika.

Viwanda vingi huandika ukubwa wa kabureta kwa futi za ujazo kwa dakika, na futi moja ya ujazo ni lita 28.3. Lita zile 13,680 ni sawa na futi 483. Kwa kweli injini ya kawaida haijazi silinda zake kabisa, hivyo kabureta ya futi 500 yaitosha, na ya futi 600 yaitosha kwa ziada.

Sasa injini hiyo hiyo ifungiwe supachaja ya kuongeza pauni 7. Zile pauni 21.7 zikigawanywa kwa 14.7, jibu ni 1.48 hivi. Futi 483 zikizidishwa kwa 1.48 huwa futi 715 hivi. Hewa ikishindiliwa hupata moto na kutanuka, kwa hiyo hewa iingiayo hasa hupungua kidogo chini ya hesabu hii. Lakini ni afadhali kuhesabu kwa ukamilifu kuliko kupunja. Basi ile kabureta ya futi 600, ambayo jana ilikuwa kubwa, leo ni ndogo. Injini hii yataka kabureta moja ya futi 750 hivi, au mbili ndogo ambazo jumla yake hufikia kiasi hicho.

Yafaa pia fundi asilinganishe tarakimu za kabureta mbili za namna mbalimbali bila kuuliza zilipimwaje. Kwa desturi ya Marekani, kabureta zenye koo nne hupimwa kwa mvuto wa inchi 1.5 za zebaki, na zenye koo mbili kwa mvuto wa inchi 3. Kabureta ya koo mbili iliyoandikwa futi 500, ikipimwa kama ile ya koo nne, haitapitisha zaidi ya futi 355 hivi.

Jambo jingine lisahauliwalo ni rafadha. Injini ikiongezewa nguvu na rafadha ikaachwa ile ile, injini huzunguka kupita mwendo uliowekwa na kiwanda, na ile hesabu ya mizunguko 4,800 huwa si kweli tena. Kwanza ijulikane rafadha itakayotumika na mizunguko itakayofikiwa, ndipo hewa ihesabiwe.

KABURETA IWEKWE WAPI

Kuna mahali pawili pa kuweka kabureta penye supachaja, na kila pahali pana sheria zake.

Pa kwanza ni kabla ya supachaja, ili pampu ivute hewa na petroli pamoja. Ndivyo zilivyofanywa gari za Bentley za mashindano zilizotokea mwaka 1929. Hapa kabureta hupitisha hewa ya kawaida isiyoshindiliwa, nayo huipima barabara, mradi iwe na ukubwa ule uliohesabiwa juu, yaani futi 715 katika mfano wetu. Lakini yako mashaka mamoja. Kabureta nyingi zina kilango cha kuongeza petroli wakati wa kazi nzito, nacho hufunguka mvuto wa hewa chini ya kabureta upunguapo. Penye supachaja mvuto huo huendelea kuwapo kwa kuwa pampu inavuta, hata kama injini iliyo chini ya pampu imeshindiliwa hewa tele. Kilango hudanganyika, kikabaki kimefungwa wakati petroli inahitajiwa mno. Dawa yake ni kukiunganisha kilango hicho kwa bomba jembamba na hewa iliyo upande wa pili wa pampu, ili kipate habari za kweli.

Pa pili ni baada ya supachaja, ili hewa iliyoshindiliwa ipulizwe ndani ya kabureta. Ndivyo zilivyofanywa zile Mercedes. Hapa hewa ni nzito lakini nafasi inayoijaza ni ile ile, kwa hiyo kabureta haina haja ya kuwa kubwa mno. Walakini jeti zake lazima zipanuliwe, kwa sababu hewa ikizidi uzito kabureta hutoa petroli pungufu ya kiasi. Tena hewa hiyo husukuma petroli irudi nyuma. Ikiwa pampu ya petroli husukuma kwa pauni 6, na supachaja husukuma kwa 7, petroli haitaingia kabisa katika bakuli. Petroli itakoma saa ile ile ambayo injini inafanya kazi kubwa kuliko zote. Pampu ya petroli ya injini ya namna hii lazima iongeze nguvu kadiri supachaja inavyoongeza, na siku zote ibaki juu yake kwa pauni kadhaa.

KUPUNGUA NA KUZIDI

Kabureta ikiwa ndogo, injini hukabwa koo. Supachaja huzunguka na kula nguvu za injini, lakini haipati hewa ya kusukuma, na boti haiendi kasi kuliko kwanza. Hasara yake ni fedha na petroli.

Kabureta ikiwa kubwa mno, hewa hupita polepole katika koo lake pana wakati wa mwendo mdogo, na petroli haivutwi vema. Injini hukohoa na kuzimika pale nahodha anapoikaribia gati, au anapotaka kuiondoa boti njiani kwa meli. Mahali penye msongamano kama kivuko cha Likoni, ambapo vivuko hupita wakati wote vikiwa vimejaa watu, injini ya kukohoa ni hatari kwa wengine pia.

Lakini baya kuliko yote ni mchanganyiko mwepesi, yaani hewa kuzidi na petroli kupungua, wakati supachaja inasukuma kwa nguvu. Moto huzidi, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati wake, na injini hutoa sauti ya kugonga kama nyundo ndogo. Katika sauti ya bahari na ya injini yenyewe, nahodha huenda asiisikie. Baada ya dakika chache pistoni huyeyuka na kutoboka, na safari imekwisha. Kwa sababu hii mafundi wa injini zenye supachaja huzidisha petroli kwa makusudi, yapata kilo 1 kwa kila kilo 12 za hewa, kwa kuwa petroli ya ziada hupoza silinda.

Plagi zikifunguliwa hutoa ushahidi. Plagi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Plagi nyeusi yenye masizi yaonyesha petroli imezidi. Plagi nyeupe iliyoungua yaonyesha petroli imepungua, na boti isitoke tena mpaka sababu ijulikane.

BAHARI SI BARABARA

Watu wengi hudhani ya kuwa kabureta iliyofanya kazi vema katika gari itafaa katika boti. Sivyo. Gari hupanda mlima kisha hushuka, na injini hupumzika. Boti ni kama gari lipandalo mlima tangu asubuhi hadi jioni, maana maji huishika wakati wote. Upungufu mdogo wa petroli ambao gari hulivumilia, katika boti huunguza pistoni.

Kuna pia jambo la mahali. Injini nyingi zilizotumika huteremshwa kutoka Nairobi kwa njia ya barabara na kuingia Mombasa kwa kupitia Changamwe. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa yapata asilimia 15. Huko mafundi hupunguza jeti, kwa sababu katika hewa nyepesi kabureta hutoa petroli kupita kiasi. Injini hiyo ikiteremka pwani na jeti zake ndogo, hukutana na hewa nzito, nayo hukosa petroli hata kabla ya kufungiwa supachaja. Ndivyo ilivyo kwa boti itokayo Kisumu pia, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuangalia jeti.

La mwisho ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 au 4. Katika gari humwagika chini na kupeperushwa na upepo. Katika boti hutulia ngamani, ukingoja cheche moja. Kwa hiyo kabureta ya boti imetengenezwa ili petroli ikifurika irudi ndani ya injini, isimwagike nje, na juu yake hufungwa wavu wa chuma wa kuzuia moto injini ikipiga nyuma. Marekani iliamuru kizuizi hicho kwa sheria ya mwaka 1940. Supachaja yenye kujaa hewa na petroli ikishika moto hupiga nyuma kwa nguvu kuliko injini ya kawaida. Basi kabureta ya gari haina ruhusa katika chumba cha injini ya boti. Na kabla ya kuwasha injini, feni ya ngama iendeshwe dakika 4 au zaidi, kisha nahodha anuse.

KWA WENYE INJINI NDOGO

Wavuvi wenye injini za kupachika za mapigo mawili hawana haja ya supachaja, lakini sheria ni ile ile. Katika injini ambazo mafuta ya kulainisha huchanganywa na petroli, mathalan lita 1 kwa lita 50, jeti ikiziba kwa uchafu hupungua petroli na mafuta kwa pamoja. Pistoni hupata moto na kukauka kwa wakati mmoja. Kuichuja petroli na kuisafisha kabureta ni kazi ya nusu saa. Kununua pistoni mpya ni kazi ya msimu mzima wa samaki.

Injini za dizeli, kama zile za vivuko vya Likoni, hazina kabureta, kwa kuwa dizeli husukumwa ndani ya silinda mbali na hewa. Na injini nyingi mpya za petroli zimeacha kabureta, zikipimiwa petroli kwa mitambo ya umeme. Hata hivyo kabureta zingaliko katika boti nyingi za pwani, na mitambo hiyo mipya nayo hufuata hesabu ile ile: hewa kiasi gani, petroli kiasi gani.

Basi utaratibu uwe huu. Ijulikane rafadha na mizunguko. Ihesabiwe hewa ya injini, kisha izidishwe kwa kadiri ya supachaja. Ichaguliwe kabureta ya boti iliyo karibu na hesabu hiyo, na jeti zake zilinganishwe na hewa ya pwani. Pampu ya petroli ipimwe. Mwisho boti ijaribiwe ikiwa na mzigo wake, karibu na pwani, maji yakiwa yanajaa ili mkondo uirudishe ndani iwapo itazimika, na plagi zifunguliwe baada ya mwendo wa kasi. Wazee walisema ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Injini ni mali, na daftari yake ni karatasi moja yenye tarakimu chache, ambayo fundi aweza kuijaza kabla boti haijaondoka gatini.